Nusu Yangu Siitoi

SEHEMU YA TISA

“Nusu yangu siitoi.”

Neno hilo la Bi Mafaili ndilo lililowanyima wengi wenu raha wiki nzima. Yupo hata aliyeniandikia kwamba nina roho ya kutu, kumwacha mgonjwa benchini halafu nikaenda zangu kulala. Basi yaishe, turudi chumba cha seva. Mlango ungali wazi, na Bi Mafaili bado kasimama kizingitini, mkono mmoja kiunoni, macho yamemkazia mwenzake.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi, habari ni hii. Sindano, fundi wa kompyuta wa hospitali ya mionzi, aliweka sasisho la mfumo Jumatatu asubuhi. Sasisho likafia njiani. Seva ikajizima, ikajiwasha, ikamkataa kila mtu, madaktari na wauguzi na Sindano mwenyewe. Na mtambo wa mionzi hauwaki bila seva, maana humo ndimo kinamokaa kipimo cha kila mgonjwa, wapi pa kulenga na kiasi gani cha kupiga.

Umebaki mlango mmoja, akaunti ya msimamizi mkuu. Neno la siri la akaunti hiyo hospitali imelikata vipande viwili ili asiwepo mtu wa kuingia peke yake. Nusu ya kwanza anayo Sindano. Nusu ya pili anayo mkuu wa kumbukumbu, ambaye kazini wanamwita Bi Mafaili, na nyumbani ni mke wa kaka yake Sindano. Wifi wa damu na nyama, si ule wa kunasa hewani.

Kaka mwenyewe yuko chini ukumbini, anangoja zamu yake ya mionzi. Daktari aliwaambia mapema: tiba hii haitaki kukatwa, siku ikirukwa uvimbe unapata nafasi ya kupumua.

“Wifi,” alisema Sindano, “mumeo yuko chini.”

“Najua alipo mume wangu. Mimi ndiye ninayemkalisha pale kila asubuhi.”

“Basi tia nusu yako tumwahi.”

“Kwanza unijibu swali langu.”

Mkurugenzi wa hospitali, aliyekuwa amebanwa kati ya kabati la seva na ukuta, alifuta jasho, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinapuliza baridi ya kugandisha maziwa.

“Kina mama, haya mambo si mtajibizana nyumbani? Watu wamejaa ukumbini!”

“Mkurugenzi, wewe ungetuliza vidole vyako,” Bi Mafaili alimkata, “tungekuwa bado na majaribio matatu.”

Mkurugenzi akavificha vidole mfukoni. Ni yeye aliyekuwa amebahatisha kuandika jina la hospitali, akidhani siri ya watu wazima inaweza kuwa kitu kilichoandikwa getini. Yalibaki majaribio mawili. Yakiisha hayo, seva inajifunga mpaka waje mafundi wa kampuni kutoka ng’ambo, nao huja kwa barua, kwa viza na kwa majaliwa.

Na niwaambie ukweli ambao Sindano alikuwa hajamwambia mtu. Kosa halikuwa la sasisho. Sasisho la mfumo ule huwekwa Jumapili mtambo ukipumzika, na sheria inataka wenye nusu wote wawili wawepo, kila mmoja na yake. Lakini mawifi hawa walikuwa hawakaliani chumba kimoja. Jumapili hii Sindano ana mafua. Jumapili ijayo Bi Mafaili ana wageni. Nyingine kila mmoja kaja, kaona gari la mwenzake, kageuza. Mwishowe Sindano akasema liwalo na liwe, akaliweka peke yake siku ya kazi, kwa akaunti yake ya kawaida ya ufundi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe zilikuwa pale chini zimevaa magauni ya hospitali.

“Uliza,” Sindano alisema.

Bi Mafaili aliingia ndani, akasimama karibu naye.

“Mwaka jana kaka yako alikwambia wewe kwanza kwamba anaumwa. Ukakaa nalo. Tukila pamoja, unanichekea, huku unajua. Sitaki kujua kwa nini ulinyamaza, hilo nilishalila nikalimeza. Nataka kujua alisema nini kuhusu mimi. Kwa nini hakuniambia mimi mkewe?”

Sindano alikuwa ameahidi kutolisema neno lile, na ahadi kwa kaka yake hakuwahi kuivunja hata utotoni. Akafikiria benchi la chini.

“Alisema hataki uanze kumtazama kama mgonjwa. Alisema dunia nzima umebaki wewe tu ambaye mbele yako bado anajiona mzima.”

“Hiyo umeitunga.”

“Haki ya Mungu sikuitunga. Alilia, wifi. Kaka yangu hakulia hata siku tuliyomzika mama.”

Kidevu cha Bi Mafaili kilitikisika, akakikamata kwa vidole kama kinachotaka kumtoroka. Kisha akaivuta kibodi.

“Geukieni ukutani.”

Sindano alianza na nusu yake, wenzake wamempa mgongo. Kisha akageuka yeye, na Bi Mafaili akaandika ya kwake, chapuchapu, bila kutazama vibonye. Kwenye skrini vikatokea vinukta vyeusi mstari mzima. Bi Mafaili akabonyeza.

NENO LA SIRI SI SAHIHI. LIMEBAKI JARIBIO MOJA.

“Umekosea!” walisema wote wawili kwa mpigo.

“Mimi nikosee?” Bi Mafaili alikuja juu. “Mimi ninaandika nimefumba macho tangu wewe uko chekechea!”

“Na mimi ya kwangu naijua kuliko jina langu!”

“Kuna mmoja hapa anafanya makusudi,” Mkurugenzi aliropoka. “Na aliyeweka sasisho bila kibali namjua. Sindano, kuanzia sasa hivi umesimamishwa kazi!”

Mtu wa kwanza kumgeukia hakuwa Sindano.

“Asimamishwe nani?” Bi Mafaili aliuliza. “Ukimtoa humu, nusu yake unayo wewe?”

Mkurugenzi aliitazama kibodi, kisha mlango.

“Basi nenda ukumbini ukawatulize wagonjwa. Hiyo kazi unaiweza.”

Akaenda. Mlango ulipofungwa, mawifi wawili walibaki peke yao kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, katikati ya mvumo wa mafeni. Sindano alikuwa na hofu ya wazi. Jaribio moja. Likipotea hili, yeye ndiye atakayeshuka ngazi kumwambia kaka yake arudi nyumbani, na hajui ni kwa majuma mangapi.

Akaikokota kibodi mbele yake. Juu ya kisanduku cha neno la siri kipo kisanduku cha jina, na humo herufi hazifichwi. Akaandika jina lake la utani ili tu vidole vipate cha kufanya.

Skrini ikaandika: sindqno.

Akafuta, akaandika tena polepole. Sindqno.

“Wifi, njoo uone.”

“Umeandika vibaya.”

“Sijaandika vibaya. Tazama kidole changu, nabonyeza a. Inatoka q.” Akaibonyeza tena kuhakikisha. “Hatukukosea! Sasisho limekuja na mipangilio ya huko kampuni ilikotoka. Kwao herufi hazikai zilipokaa zetu. Limekufa katikati, likaiacha kibodi yao humu ndani. Vibao vya milango ni vilevile, lakini wapangaji wamehama.”

“Sasa nusu zetu?”

“Zote mbili zimetoka takataka. Yangu naweza kuirekebisha, maana naijua herufi kwa herufi.” Alimtazama mwenzake. “Wewe yako unaijua kwa vidole. Iandike hapa juu kwenye kisanduku cha jina tuione inavyotoka. Nitakuonyesha kila herufi iliyohama iko wapi.”

“Uione wewe?”

“Nisipoiona nitakusaidiaje?”

Bi Mafaili alirudi nyuma hatua moja.

“Nitajirekebishia mwenyewe. Geuka.”

Sindano akageuka. Alisikia vibonye, kisha kimya, kisha kufuta. Vibonye tena. Kufuta tena. Pumzi ndefu.

“Inatoka mkato,” Bi Mafaili alisema kwa sauti ndogo. “Nabonyeza herufi, unatoka mkato. Sijui herufi yenyewe imekwenda wapi.”

“Nigeuke?”

“Hapana!”

Haikuwa sauti ya hasira. Sindano alikuwa ameijua hasira ya wifi yake mwaka mzima, angeweza kuitambua hata kwa kikohozi. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyekaribia kufumaniwa.

“Wifi, una nini?”

“Nusu yangu siitoi. Tafuta njia nyingine.”

“Njia nyingine haipo.”

Simu ya ukutani ikalia. Sindano aliipokea. Alikuwa Mkurugenzi, sauti imempanda.

“Daktari mkuu amechoka! Amesema mtambo usipowaka kabla ya saa sita, wagonjwa wote warudi makwao na mtambo upigwe kufuli. Mnanisikia? Wote!”

Bi Mafaili aliyasikia maneno yote, maana Mkurugenzi akiwa na simu hahitaji simu. Alikaa kitini. Akaweka vidole kwenye kibodi, akafumba macho.

“Geuka utazame,” alisema. “Ukishaona, usiniulize kitu.”

Akaandika. Kwenye kisanduku kikatokea kitu cha ajabu:

,ungu,ponye,u,ezqngu

Sindano aliinamia skrini. Kila mkato akauwekea m. Pale kwenye z akaweka w, pale kwenye q akaweka a, kimoyomoyo. Kisha akalisoma lote.

Mungu mponye mume wangu.

Alitabasamu kwanza, kwa huruma. Ni sala ya mke, ina nini cha kuficha? Halafu tabasamu likamkatikia mdomoni. Nusu hizi kila mmoja alijitungia yake mwaka juzi, siku moja, na hazijawahi kubadilishwa. Sheria ya hospitali ilikataza kuzigusa mpaka mmoja wao aache kazi. Na kaka yake alimwambia habari za ugonjwa mwaka jana.

“Wifi.” Aliinua uso kutoka kwenye skrini. “Ulijua. Ulijua kabla yangu.”

“Nimekwambia usiniulize.”

“Mwaka mzima umeninunia kwa sababu nilijua na wewe hujui! Umekataa mkono wangu mbele za watu! Kumbe...”

“Kumbe nini?” Bi Mafaili aliruka kitini. “Mimi ndiye mkuu wa kumbukumbu. Unadhani ombi la kipimo cha mume wangu lilipita wapi kama si mezani kwangu? Mimi ndiye niliyemfungulia faili, kwa mikono yangu hii. Na kiapo cha kazi hakiniruhusu kumfuata mgonjwa nikamwambia nimeona siri yako, hata awe analala kitandani kwangu. Nikasema basi, nitangoja. Ataniambia mwenyewe.”

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

“Kila jioni nampakulia chakula nasema leo ndiyo leo. Anakula, anashukuru, analala. Nikangoja mpaka mwaka ukaisha. Halafu nasikia tayari kamwambia dada yake. Sikukasirika kwa sababu ulijua, wifi. Nilikasirika kwa sababu kumbe mdomo anao, ila hakutaka kuufungua kwangu. Na aibu hiyo ningemwambia nani? Ikabidi nikuchukie wewe.”

Sindano aliona haya. Mwaka wote ule alikuwa akijihesabu shujaa, mbeba siri wa peke yake, huku akimhesabu wifi yake mke wa juujuu asiyeona hata mumewe akikonda. Kumbe mwenzake alianza kuubeba mzigo huohuo zamani, na hakuwa na hata mtu wa kumnong’oneza. Akamshika mkono.

“Nisamehe, wifi.”

“Tutasameheana jioni. Nionyeshe m imehamia wapi.”

M ilikuwa imehamia ubavuni kwa l. A na q zilikuwa zimebadilishana vyumba, na w na z vivyo hivyo. Sindano aliandika nusu yake kwanza, akiihakiki kila herufi kichwani mara mbili. Safari hii Bi Mafaili hakugeuka, naye hakumwambia ageuke. Kisha wakaandika nusu ya pili, mmoja akielekeza, mwingine akibonyeza kwa kidole kimoja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Vinukta vikajaa mstari.

“Bonyeza,” alisema Sindano.

“Bonyeza wewe. Mimi mkono hauna nguvu.”

Sindano alibonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Ikabaki nyeusi muda mrefu kupita adabu. Bi Mafaili alikuwa amemng’ang’ania bega, kucha zinaingia.

KARIBU, MSIMAMIZI MKUU.

Walipiga kelele mpaka muuguzi aliyekuwa akipita nje akauliza kama kuna moto. Sindano hakupoteza nafasi. Alilitupa sasisho bovu, akaurudisha mfumo wa zamani kutoka kwenye nakala ya Jumapili, akairudisha kibodi kwa wenyewe. Huduma moja ikainuka, ikafuata nyingine. Hatimaye sauti ya Mkurugenzi ikasikika kutoka korido ya chini, akiwatangazia wagonjwa kwamba mtambo umewaka na kwamba yeye binafsi amelishughulikia suala hilo tangu asubuhi.

“Mtazame mume wangu kwanza,” Bi Mafaili alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. “Nataka nione zamu yake.”

Sindano alifungua orodha ya siku. Akaipitia. Akarudi juu, akaipitia tena.

“Hayumo.”

“Hayumo vipi? Nimemkalisha benchini mimi mwenyewe.”

Sindano alifungua ukurasa wa kaka yake. Palikuwa na mstari mwekundu juu kabisa, alioingiza daktari wiki iliyopita.

MATIBABU YAMESITISHWA KWA OMBI LA MGONJWA.

Kicheko kilikufa. Bi Mafaili aliusoma mstari ule mara moja tu. Kisha akamgeukia Sindano polepole, na Sindano aliliona swali kabla halijatoka.

“Hapana, wifi. Sikujua. Hakuniambia.”

Kama Bi Mafaili angetaka kutomwamini, hiyo ndiyo ingekuwa nafasi yake.

“Safari hii hata wewe,” alisema, na wote wawili wakatoka mbio.

Ngazi waliziruka. Ukumbini watu walikuwa wameanza kusimama, majina yanaitwa, na wagonjwa wanasaidiana kuvaa magauni. Kwenye benchi la pembeni, mahali pa kaka palikuwa patupu. Aliyekaa jirani, dereva mstaafu mwenye kofia ya sufu, aliinua uso.

“Mnamtafuta mtu wenu? Huyo siku hizi anatusindikiza tu. Akishaona mama huyu amepanda ngazi, naye huyoo, getini. Huondoka na yule bwana mwenye kikohozi.”

“Kwenda wapi?” Sindano aliuliza.

“Mwanangu, mimi nina yangu hapa kifuani, sijamfuata mtu.”

Bi Mafaili alikuwa ameshatoa simu. Akapiga, akaiweka kwenye spika. Ililia kidogo tu, ikapokewa.

“Mke wangu!” Sauti ya kaka ilikuja changamfu. “Bado nipo foleni. Leo kompyuta zao zimegoma, hakuna aliyeingia.”

“Uko benchini?”

“Hapahapa uliponiacha.”

“Basi sogea kidogo nami nikae,” Bi Mafaili alisema. “Nimesimama mbele ya benchi lenyewe.”

Kwenye spika mtu alikohoa, kikohozi kikavu, na hakikuwa cha kaka.

“Mpe simu dada yangu,” kaka alisema.

Bi Mafaili alipigwa na neno hilo kama kofi. Hata hivyo aliinyoosha simu. Sindano alitaka kuipokea. Alitaka kwa moyo wote, maana hakuna sauti aliyoipenda duniani kama ile. Akaweka mikono nyuma ya mgongo.

“Sipokei, kaka. Aliyekupigia ni mkeo. Sema naye.”

“Hamjui mnachoniomba.”

“Sema, mume wangu,” alisema Bi Mafaili. “Nilikungoja tangu mwaka juzi. Leo sina nguvu ya kungoja.”

Wakamsikia akivuta pumzi.

“Faili ninalotibiwa si langu. Mwenye faili nimekaa naye hapa. Muda wote huu mtambo umekuwa ukinipiga mimi pale panapomuuma yeye. Mmoja wenu ndiye aliyetuchanganya, wewe kwenye kumbukumbu au dada kwenye seva, na mimi nimejificha wiki nzima kwa sababu sitaki kumjua ni nani.”